Wembe Uliosubiri Redio

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kabla sijafika mbali, toeni kwanza hizo nyuzi masikioni. Maneno ya mtu mzima hayasomwi kichwa kikitingishika. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, lakini kusikiliza nilifundishwa na mtu aliyejua kusikiliza. Basi kaeni sawa.

Mjukuu wangu Felix alikuja kunitembelea mwezi uliopita. Asubuhi alichota maji ya moto jikoni kwangu, akasimama nje penye ukuta wa jua, akajipaka sabuni mashavuni, akaanza kunyoa. Harufu ile ilinifikia nikiwa nachambua mboga: sabuni, maji ya moto, na ule moshi wa kuni ulioingia kwenye maji. Mikono yangu ikaacha mboga yenyewe. Nilimwita. Hakuitika. Nilimwita tena. Kichwa kinaenda mbele na nyuma kama cha kuku anayetembea. Nilipomgusa bega aliruka nusura ajikate.

“Dani!” akasema, kama wajukuu wa Kijaluo wanavyomwita bibi. “Pole, sikukuskia. Nilikuwa kwa ngoma tu.”

“Ngoma gani asubuhi hii?”

“Si ya kunyolea tu, Dani. Bila ngoma kunyoa ni boring.”

Nilirudi kwenye mboga zangu, na harufu ile ikakaa nami mpaka jioni. Ndiyo maana naandika.

Baba yangu alikuwa nyapara wa barabara. Watu wote kutoka Sori mpaka njia panda ya kwenda Homa Bay walimjua kama Nyapara Oloo, na wengine walimwita Nyapara tu, kana kwamba mama yake alimzaa na jina hilo. Uhuru ulikuwa umefika juzi juzi, Wazungu wa barabara wamekwenda zao, na baba alibaki na kofia yao, filimbi yao, na tabia yao ya kunyoa ndevu kila siku ya Mungu. Wanaume wengine wa kwetu walinyoa wakiwa na safari, au wakiitwa kwa chifu. Baba alinyoa hata siku ya mvua ambapo hakuna kazi. Alisema mtu asiyeweza kusafisha kidevu chake hawezi kusafisha mtaro wa barabara.

Kazi yangu ilikuwa kushika kioo. Kilikuwa kioo cha duara, mgongo wake wa bati umeliwa na kutu, na kwa kuwa baba aliangalia upande wa mbele, mimi niliangalia huo mgongo. Naujua mpaka leo kama ninavyojua kiganja changu. Kulikuwa na doa la kutu lenye umbo la mbuzi aliyelala. Nilisimama juu ya kigogo ili nifikie urefu wa uso wake, mikono juu, na nikitingishika alikohoa. Hakunipiga hata siku moja kwa sababu ya kioo. Kukohoa kwake kulitosha.

Chini ya dirisha kulikuwa na kiti cha miguu mitatu, na juu ya kiti redio. Ilikuwa na koti la ngozi lenye matundu madogo mbele, na ilikula mawe, yaani betri, kuliko ng'ombe anavyokula majani. Mawe ya redio yakichoka, hatukuyatupa. Tuliyaanika juu ya mwamba nyuma ya nyumba kama omena, wale dagaa wa ziwa letu, yakipata jua la kutosha yanarudisha nguvu kidogo, redio inaongea siku mbili tatu kwa sauti ya mgonjwa, halafu tunaanika tena.

Sasa sikilizeni mambo ya baba na wembe wake. Alijipaka sabuni, povu jeupe mpaka karibu na macho. Halafu alifungua redio. Halafu akasimama tu, wembe mkononi, hanyoi. Katika redio kulikuwa na muziki wa polepole, na baada ya muziki ilikuja sauti ya mtu mmoja ambaye sisi nyumbani tulimpa jina la Jaote, yaani mtu anayetumwa kupeleka habari. Jaote alisoma kwa Dholuo majina ya waliokufa. Fulani wa Rusinga amefiwa na mkewe, ndugu zake walio Mombasa waje. Fulani wa Kanyamkago, mwili utatoka hospitali, wakwe waarifiwe. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Alisoma mzee na mtoto mchanga kwa sauti ile ile. Alipomaliza wa mwisho na muziki kurudi, baba alipumua, akarudisha maji kwenye povu lililokwisha kauka, na ndipo wembe ukagusa shavu.

Mimi nilimuuliza mara moja kwa nini anangoja. Akasema, “Ndevu zangu ni ngumu, Auma. Lazima zilainike.”

Nikaamini. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ndevu za wanaume hulainishwa na redio. Nilipomwona babake rafiki yangu ananyoa bila redio nilimhurumia sana, nikawaza jinsi anavyoumia.

Ukweli nilikuja kuambiwa na mama nikiwa nimeshaolewa. Kwetu, mtu akifiwa, wembe unalala. Hunyoi kichwa, hunyoi kidevu, mpaka mmezika na siku ya liedo imefika, siku ambayo waliofiwa wote wanakaa pamoja na kunyolewa, ndipo msiba unaanza kuwaachilia. Babu yangu mzaa baba alipokufa, baba alikuwa kambi ya barabara upande wa Migori. Alinyoa asubuhi kama kawaida yake, na mjumbe akamfikia saa nne na habari. Aliingia kwenye matanga kidevu kinang'aa kama cha bwana harusi. Wazee hawakusema naye, walisemea pembeni kwa sauti ya kutosha asikie: huyu amejipamba kumzika nani? Maneno hayo hayakumtoka. Akanunua redio. Tangu siku hiyo hakunyoa kabla Jaote hajamaliza kusoma.

Mwanzoni alisikiliza kwa sikio moja. Tuliruhusiwa kuongea, mama alimcheka. Siku ya Sabato mama, ambaye alikuwa Msabato wa kweli, alimwambia azime kitu hicho, leo ni siku ya Bwana.

“Nyar Kadem,” baba akamjibu, kwa sababu mama alitoka Kadem na hakuwahi kumwita vingine, “mwambie kwanza kifo kipumzike Sabato, halafu mimi nitazima redio.”

“Sabuni inakukaukia usoni. Unafanana na ukuta uliopakwa chokaa.”

“Basi usiegemee, utachafuka.”

Ndivyo walivyokuwa. Mambo yalibadilika alipoondoka Owino.

Owino alikuwa kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyeshika kioo kabla yangu, na yeye ndiye aliyegundua ule mwamba wa kuanikia mawe. Alikuwa mrefu, mchekeshaji, na alipenda kupumzika, hilo siwezi kumficha. Alipomaliza shule ya msingi hakukuwa na karo ya kuendelea, basi baba akamwandika kazi kwenye genge lake la barabara, kubeba karai la udongo. Siku moja mchana, jua limesimama utosini, Owino aliweka karai chini akaketi juu yake, wenzake wakiwa bado wanabeba. Baba akapuliza filimbi. Owino akacheka, akasema, “Baba, kidogo tu.”

Genge zima likatazama. Baba akamwambia mbele ya wote, “Hapa hakuna baba. Barabarani sina mtoto. Beba, au uondoke.”

Owino alisimama. Alilisukuma karai kwa mguu likabingirika mpaka mtaroni, akaondoka akitembea katikati ya barabara, taratibu. Hakufika nyumbani hata kuchukua shati. Tulisikia baadaye kwamba amevuka kwenda Uganda, yuko kwenye mashamba ya miwa.

Toka hapo, asubuhi kwetu ikawa kama kanisani. Redio ikifunguliwa, hakuna kuongea. Hakuna kusugua sufuria, hakuna kukohoa, mtoto akilia anapelekwa nyuma ya ghala. Mama hakutania tena juu ya povu. Mimi kwenye kigogo changu niliona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona, kwa kuwa uso wa baba ulikuwa mbele yangu tu: Jaote akisoma, baba hakuangalia kioo. Aliangalia juu ya kioo, juu ya kichwa changu, kule chini ambako barabara yake inatoka Sori kuja kwetu. Midomo yake ilijongea kidogo kila jina lilipotajwa, kama mtu anayepima kitu kabla ya kukiweka chini. Nikawaza anakagua barabara. Nikawaza, mtu huyu anapenda barabara yake kuliko sisi.

Jina la Owino hakulitaja. Mama akilitaja, baba alitafuta kofia yake na kutoka. Sisi watoto tulimwona ni mgumu, na mimi hasa nilimchukia kidogo, nawaambia wazi, kwa sababu Owino ndiye aliyenifundisha kupiga mbinja na sasa hapakuwa na mtu wa kupiga naye.

Ukapita msimu wa pamba, ukapita mwingine. Halafu alasiri moja kijana wa jirani aitwaye Opiyo, aliyekuwa akifanya kazi mashamba yale yale ya Uganda, alirudi likizo. Hakuja nyumbani, alimfuata baba barabarani, mbele ya genge, na wanaume wa genge ndio waliotusimulia.

“Nyapara,” Opiyo alisema, “mtoto wako anakuja. Yuko nyuma yangu, anamalizia kuchukua mshahara wake tu. Amesema nikwambie hivi: mzee aniwekee karai langu, nitabeba.”

Baba alitazama jua, ambalo bado lilikuwa juu kabisa, akapuliza filimbi ya kumaliza kazi. Wanaume wakadhani amekosea. Ogola, mzee wa genge, akamuuliza, “Nyapara, umeumwa?” Baba akasema, “Nendeni nyumbani kwenu. Hamna nyumba?” Haikuwahi kutokea kabla, na haikutokea tena.

Siku ile aliyotegemewa Owino kufika, nyumba yetu iliamka na kelele. Mama alikuwa ameshachagua kuku, na kuku mwenyewe alikuwa ameshajua, anakimbia ua mzima na wadogo zangu nyuma yake. Jirani alikuja kukopesha sufuria kubwa. Baba alichemshiwa maji, akaja kwenye ukuta wake wa jua, akafungua redio kama kawaida, akajipaka sabuni. Mimi nikapanda kigogo.

Na akaanza kunyoa papo hapo.

Muziki wa polepole bado ulikuwa unapigwa. Wembe ulishuka kwenye shavu la kulia, kraaa, ukaacha njia safi katikati ya povu. Nilimtazama nikashangaa. Ndevu zimelainika saa ngapi?

“Nyanyua kioo vizuri, Auma,” akaniambia, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani. “Leo ninyoe sawasawa. Mtoto wa watu asije akadhani amekosea nyumba.”

Mama akacheka huko jikoni. “Sasa umemkumbuka kuwa ni mtoto wa watu?”

“Nyar Kadem, kamata kuku wako.”

Wote waliongea. Hakuna aliyelinda kimya siku hiyo, kwa nini kilindwe? Aliyekuwa mbali alikuwa njiani kuja. Jaote alikuwa ameanza kusoma na hakuna aliyemsikia. Shavu la kulia likaisha, baba akasuuza wembe kwenye karai dogo, akageuza uso.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na redio. Nikasikia jina. “Nyapara Oloo, wa barabara ya Sori.” Jina la baba yangu, kutoka ndani ya koti la ngozi, likisomwa na mtu wa mbali ambaye hata hatujui! Moyo wangu ulijaa fahari. Nikajua moja kwa moja kwamba Owino ametuma salamu kwenye redio, kwamba huo ndio mzaha wake, hawezi kuja kimya kimya kama watu wengine.

“Baba!” nikapiga kelele. “Redio inakutaja! Baba, inakutaja wewe!”

Mama akapiga kigelegele huko jikoni. Alipiga kigelegele kizima, nakisikia mpaka sasa, na kilifunika maneno yaliyofuata. Kilipokwisha, Jaote alikuwa anasema, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, kwamba basi lilipinduka njiani kutoka Uganda, kwamba mwili wa mtoto wake Owino uko hospitalini Kisumu, kwamba aje na watu wake. Kisha akasoma jina la mtu mwingine.

Baba alibaki ameshika wembe hewani karibu na shavu la kushoto. Povu lilianza kukauka. Nilikiona kifuko cha povu kimoja kikipasuka, halafu kingine. Hakuna kitu kilichojongea usoni mwake. Kisha akaufunga wembe, akanitoa kioo mikononi polepole, akakilaza chini uso ukitazama udongo. Akachota maji, akaosha povu la upande wa kushoto. Akachukua kofia.

Mama alikuwa ameketi chini mlangoni, hajui aweke wapi mikono yake. Wanawake walikuwa wameanza kulia kwa jirani. Lakini alipomwona baba anatoka kwenda kupanda gari la Kisumu na shavu moja jeusi kwa zile ndevu zake ngumu na moja safi, aliweza kusema, “Baba Owino, malizia basi. Utachekwa na watu.”

“Wembe umelala,” baba akasema.

Akaenda hivyo. Akapita Homa Bay hivyo, penye watu wengi, watoto wakimwonyesha kidole. Akaingia hospitalini hivyo, akaulizwa yeye ni nani wa marehemu, akajibu.

Alirudi naye kwa lori la barabara. Sisi tulikuwa tumesimama langoni tangu asubuhi, na kabla ya lori kuonekana tuliona kitu kingine. Watu wa genge, bila filimbi, bila mtu kuwatuma, walikuwa wameingia barabarani na makarai na majembe, kutoka Sori mpaka kwetu. Walijaza kila shimo. Walishindilia udongo kwa miguu yao wakiwa wanalia. Ogola mzee alikuwa mbele, akionyesha kwa fimbo: hapa, na hapa. Lori likapita juu ya kazi yao likiyumba kidogo tu, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala.

Baba aliposhuka, Ogola alimwendea, akavua kofia. “Nyapara, tumeziba mashimo. Asirushwerushwe.”

Baba akaitazama ile barabara muda mrefu. Akasema, “Nilisema hapa sina mtoto.” Ogola akamshika mkono, na baba akamwacha aushike.

Kwenye matanga watu walikuwa wengi, na kila aliyekuja alitazama uso wa baba kwanza, jeneza baadaye. Walinong'ona. Wengine walidhani amechanganyikiwa. Alikuwapo mjomba Omolo, kaka wa mama, ambaye kazi yake katika kila msiba ilikuwa kuchekesha, na kwa sababu ni shemeji hakuna aliyeweza kumzuia. Alimzunguka baba akimkagua, mikono nyuma kama mkaguzi wa serikali.

“Nyapara, hii kazi gani hii? Upande huu barabara, upande huu msitu! Fedha ziliisha?”

Watu wakacheka, mnajua kicheko cha msibani, kinachotafuta mahali pa kutokea. Baba hakukasirika. Alijigusa kidevu, pale katikati ambapo ulaini unakutana na ndevu, akasema, “Shemeji, habari ilinikuta hapa. Mbele ya hapa sikuwa na njia tena.”

Omolo huyo mchekeshaji aliketi chini kwenye vumbi na nguo zake nzuri, akalia mpaka wakamnyanyua.

Tulimzika Owino. Siku ya liedo ilipofika tulikaa mstari mmoja, mzee wa ukoo akapita na wembe. Nilinyolewa kichwa chote, upepo ukanipiga mpaka ndani ya ubongo. Nilimtazama baba akinyolewa. Shavu la kulia lilikuwa limeota ndevu fupi, la kushoto ndefu zaidi, na mzee alipopita pande zote mbili, uso wa baba ukawa sawa tena. Nilidhani nitafurahi. Nikaona tu kwamba sasa hapakuwa na kitu chochote cha kuonyesha kwamba Owino alikuwa anakuja.

Kulikuwa na sanduku lake la bati lililokuja na lori, limebonyea upande mmoja. Mama alilifungua kesho yake. Mashati mawili, kitambaa cha mama, filimbi ndogo ya bati ambayo nilijua bila kuambiwa kuwa ni yangu. Na chini kabisa, yamefungwa kwenye gazeti, mawe mapya ya redio. Mazito, yanang'aa, hayajawahi kuona mwamba. Owino alikumbuka jinsi redio ya baba ilivyoongea kama mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata baba alichukua kioo kutoka pale kilipokuwa, akakifuta udongo, akanipa. Akatoa mawe ya zamani kwenye redio, akatia yale mapya. Alipofungua, sauti ilitoka kubwa ambayo hatujawahi kuisikia, kuku wakatawanyika. Muziki wa polepole ulijaa ua wote. Baba akajipaka sabuni, akaanza kunyoa. Hakungoja.

Jaote akaanza kusoma majina, wazi kabisa, kama amesimama kati yetu. Sisi tulikuwa kimya, kila mtu mahali pake, mama na sufuria mkononi hajaisugua, kwa mazoea ya siku zote. Baba alinyoa shavu moja. Alipogeuza uso alituona tulivyosimama.

“Ongeeni,” akasema.

Hakuna aliyeongea.

“Mbona hamwongei? Nimesema ongeeni. Sugueni sufuria. Mimi nilichokuwa nasikiliza nimeshakisikia.”

Na sisi, wanangu, hatukuweza. Mdogo wangu alijaribu kusema kitu juu ya kuku, kikakwama. Mama alisugua sufuria mara moja akaacha. Baba alimaliza kunyoa katika kimya kile ambacho yeye mwenyewe alikitengeneza na sasa hakuweza kukibomoa.

Niliona hayo yote kwa macho ya mtoto, juu ya kigogo. Kuyaelewa nilichelewa sana. Nilikuwa na watoto wangu, mkubwa amekwenda kutafuta kazi Mombasa, na asubuhi moja nikajikuta nimesimama na ufagio, sifagii, redio ya jirani inasoma majina. Midomo yangu ilikuwa inajongea. Kila jina lililotajwa nililipima nikaliweka chini: si wake, si wake, si wake. Ndipo nikamwona baba. Yule mtu hakuwa anakagua barabara. Kwa misimu yote ile ya ukimya wake, kila asubuhi alimtafuta Owino kati ya wafu, na kila asubuhi alipomkosa, ndipo alipopata ruhusa ya kunyoa. Ile pumzi aliyoivuta muziki ukirudi ilikuwa furaha. Ndiyo furaha peke yake aliyojiruhusu, nasi tuliiita ugumu. Na ile asubuhi moja aliyoacha kumtafuta, kwa kuwa alijua anakuja, ndiyo asubuhi aliyomkuta.

Hakuwa anajua njia nyingine ya kumwambia mtoto kwamba anamngoja. Angeweza kutuma mtu. Angeweza kwenda mwenyewe, Uganda si mwisho wa dunia. Alimngojea kwenye redio.

Nyinyi mna simu. Mnalala nayo, mnaamka nayo, mnakwenda nayo hata chooni, na mnaitumia kuziba masikio. Baba yangu angetoa ng'ombe wake wote apate sauti moja ya asubuhi inayosema, “Niko, baba.”

Kwa hiyo asubuhi ya pili Felix alipotoka tena na maji yake ya moto na nyuzi zake, nilikuwa nimeshafika kwenye ukuta kabla yake. Kioo anachonyolea nilikuwa nimekiondoa ukutani, nimekishika. Nikawaita wote waliokuwa nyumbani, wakasimama, wengine bado na usingizi, nikawapa neno ambalo sitaki kulirudia:

“Katika boma hili, wembe hautagusa shavu la mtu kabla hajampigia aliye mbali akasikia sauti yake. Wewe, Felix, mama yako yuko Mombasa. Toa hivyo vitu masikioni, umpigie. Akiitika, nitakupa kioo.”